Uzi wa wachoraji wa magari ya zamani: tuache mitende ya California, tuchore mikweche yetu

Mchoraji wa Lanet:

Hamjambo wadau.

Nimekuwa nikifuatilia michoro ya magari mnayobandika humu, na wengi wenu mna mkono ambao mimi nauonea wivu. Lakini kuna jambo linanikera na leo nimeamua kulifungulia uzi wake. Mtu yuko Free Area au Kondele, anatoa mtandaoni picha ya Chevrolet ya miaka ya 1950, anainakili mstari kwa mstari, kisha anatuletea kazi safi kabisa yenye mitende ndani ya bampa. Mitende! Iko pale kwenye krome, midogo, imepinda, na nyuma yake kuna barabara pana ya California. Mwenyewe hana habari nayo, maana alidhani anachora mng'ao.

Hakuna rangi inayoitwa mng'ao. Bodi ya gari ni kioo kilichokunjwa, na kioo huonyesha kilicho mbele yake. Paa na boneti vinatazama mbingu, milango inatazama ukuta wa jirani, sehemu ya chini ya mlango inatazama ardhi. Ukichora gari unachora mahali lilipoegeshwa. Ndiyo maana nasema tuchore magari yaliyo hapa kwetu, tena tukiwa tumesimama mbele yake.

Hata Wamarekani walioanzisha uchoraji huu wa kufuata picha ya kamera, mwishoni mwa miaka ya 1960, hawakwenda mbali. Robert Bechtle, mzaliwa wa San Francisco, alichora magari ya kawaida yameegeshwa mbele ya nyumba za kawaida. Kwenye ule mchoro wake wa Pontiac ya 1961 amejiweka yeye, mkewe na watoto wao mbele ya gari. Ralph Goings alichora pikapu nje ya mikahawa ya barabarani. Don Eddy alisogea karibu mpaka bampa ikajaza turubai. John Salt, Mwingereza wa Birmingham aliyekwenda Marekani, yeye alipenda magari yaliyogongwa, yaliyotelekezwa, yenye viti vilivyochanika. Huyo angefika kwenye gereji zetu za jua kali hapa Nakuru asingerudi kwao.

Na sisi hatuna uhaba wa magari. Peugeot 404 peke yake inakutosha maisha. Umbo lake lilitoka kwa Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia, ikaanza kuuzwa 1960, na ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Pikapu zake bado unaziona zikibeba nyasi za ng'ombe. Halafu kuna 504, ile yenye macho ya kuinama na buti inayoteremka ghafla. Wagon zake ndizo zilizotubeba kwenda Nairobi enzi hizo, magoti yakigusa kidevu. Kuna Beetle, Land Rover za kwanza kwanza, Datsun, Ford Escort, Morris Minor. Mwenye kupenda magari ya mashindano ana Volvo PV544 aliyoshindia Joginder Singh mwaka 1965, mtu aliyezaliwa hapo Kericho. Tunatafuta Chevrolet za nini?

Sasa nieleze ninavyofanya. Kila mtu ana njia yake, ichukueni kama ilivyo.

Kwanza mwanga. Tuko karibu sana na ikweta, mstari wenyewe unapita Maseno. Adhuhuri jua linakaa utosini, hasa Machi na Septemba, na kivuli chote kinaingia chini ya gari. Paa linaungua kwa weupe, milango inakuwa gizani, na umbo la gari linapotea. Hapa Nakuru jua hufika juu kabisa saa sita unusu hivi, kwa hiyo hata saa nane bado ni kali mno. Mimi hupiga picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Saa hizo mwanga unalala ubavuni, unaona kila mkunjo wa bati, hata sehemu fundi alipojaza futi, ile paste ya kuziba mabonde ya bati, akaisawazisha haraka haraka.

Pili, umbali. Simu ukiisogeza karibu na gari, taa ya mbele inavimba na nyuma inasinyaa. Ukichora hivyo, mtu atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Rudi nyuma kabisa, piga picha, kisha ukate pembeni. Piga pia picha za karibu za taa, nembo na vipini, lakini hizo ni za kukumbuka vitu vidogo tu. Umbo la gari lichukue kwenye ile ya mbali.

Na tafadhali omba ruhusa. Gari bovu nyuma ya nyumba ya mtu si takataka. Mara nyingi ni la marehemu baba yake.

Tatu, krome, ambayo ndiyo inawatisha wengi. Wekeni kando kopo la rangi ya fedha. Rangi ya fedha kwenye mchoro ni kijivu kinachometameta, basi. Tazama bampa kutoka juu kwenda chini. Juu ni mbingu, samawati iliyopauka ikikaribia nyeupe. Kisha ghafla kuna mstari wa giza wenye makali: huo ni upeo, yaani miti, kuta na watu waliosimama, wote wamebanwa pamoja. Chini ya huo mstari kuna rangi ya ardhi, ya joto, ambayo inazidi kuwa nyeusi bampa inapojikunja kutazama kivuli cha gari lenyewe. Ukipata ile hatua ya ghafla kutoka nyeupe kwenda giza, krome imekuja. Ukiilainisha ikawa polepole, unapata bomba la plastiki. Siri yote ni makali ya mpaka.

Giza lenyewe silitoi kwenye tyubu ya nyeusi. Nachanganya kahawia ya amba iliyochomwa na buluu ya ultramarini. Nikitaka giza la baridi naongeza buluu, nikitaka la joto naongeza amba. Nyeusi ya tyubu kwenye krome inatoboa shimo.

Gari jeupe nalo lina mitego yake. Peugeot nyeupe kwa kweli si nyeupe: boneti ina buluu ya mbingu, sehemu ya chini ya mlango ina rangi ya udongo, na kama imeegeshwa chini ya mjakaranda ukiwa na maua, kuna zambarau pale juu ya paa ambayo hutaki kuamini. Weupe halisi uuhifadhi kwa sehemu chache, pale jua linapogonga kingo za taa na mzingo wa kioo. Ukiutumia mapema, hutabaki na kitu cha kuangazia.

Magurudumu yana hesabu yake. Gurudumu likitazamwa kwa mshazari huwa duara lililobanwa, na wengi hulisimamisha wima kama yai. Duara lililobanwa lina kipenyo kirefu na kifupi. Kile kifupi kinafuata mwelekeo wa ekseli, na kile kirefu kinakikata kwa pembe mraba. Chora ekseli kwanza, kwa penseli nyepesi, ndipo ulivishe gurudumu. Na tairi si jeusi. Ni kijivu cha vumbi. Weusi wenyewe uko pale tairi linapogusa ardhi, na ule weusi ndio unaolikalisha gari chini lisielee.

Nimefika kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, vumbi. Hapa ndipo Magharibi na Bonde la Ufa tunawapita wenye magari ya maonyesho. Vumbi la Nakuru ni jepesi, la udongo wa volkano, linaelekea kijivu. Ukivuka kwenda Vihiga na Kakamega linakuwa jekundu. Kano ni tope jeusi linalokauka na kupasuka juu ya matao ya magurudumu. Gari la Kakamega ukilipaka vumbi la Nakuru, mtu wa kule atajua. Vumbi jekundu nalitoa kwenye rangi za udongo, siena iliyochomwa na okra ya njano, na nyeupe kidogo. La kwetu napunguza siena naongeza amba na buluu kidogo sana. Kumbukeni pia kwamba vumbi linaua kioo. Palipo na vumbi hakuna mbingu wala ukuta, ni rangi tupu iliyofifia. Pale mtu alipofuta kwa kiwiko, mbingu inarudi. Hiyo sehemu moja iliyofutwa inaweza kubeba mchoro mzima.

Vifaa kwa kifupi: nachora kwa akriliki, juu ya ubao wa MDF uliopigwa msasa na kupakwa geso, rangi nyeupe ya kutangulizia. Kitambaa cha amerikani kilichotandazwa kwenye fremu kinafaa pia na ni rahisi, ila nyuzi zake zinasumbua kwenye mistari myembamba ya grili. Akriliki ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo changanya rangi ikiwa angavu kidogo kuliko unavyotaka.

Karibuni. Mnaopinga pingeni.

Mwalimu Mstaafu, Kericho:

Nimesoma yote kijana wangu, na napinga kidogo. Sisi tulijifunza kuchora kwa kunakili kalenda na matangazo ya magazeti. Hatukuwahi kuona Pontiac kwa macho, lakini tuliichora mpaka tukaijua. Matangazo ya Pontiac ya miaka ya 1960 yalichorwa kwa mkono na Art Fitzpatrick na Van Kaufman, mmoja akichora gari, mwingine watu na mandhari, na wakalipanua gari kuliko lilivyokuwa barabarani. Hakuna aliyewaambia wanadanganya. Mtu akitoka kazini Jumamosi anataka kuchora Chevrolet nyekundu, mwache achore. Ni starehe yake.

Hilo la Joginder Singh umefanya vizuri kulitaja. Watu walimwita Simba wa Kenya, na baada ya ile Volvo alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Mchoraji wa Lanet:

Shikamoo Mwalimu. Sikatai starehe. Fitzpatrick na mwenzake walijua wanapanua, na walijua kwa nini: walikuwa wanauza upana wa gari. Ninachokipigia kelele ni kuchora kitu bila kujua ni nini. Achore Chevrolet, lakini ile mitende aione kwanza. Akishaiona anaweza kuitoa na kuweka mikalitusi ya Timboroa, na hapo gari litakuwa limefika Kenya.

Mwalimu Mstaafu, Kericho:

Marahaba. Mikalitusi nimeikubali.

Fundi wa Kibuye:

Mimi si mchoraji, ni fundi bodi hapa Kisumu, miaka mingi. Nawaona wachoraji wanakuja gereji na simu zao. Niseme ninayoyaona yakikosewa.

Gari linavyokaa. Wagon ya 504 ikiwa tupu imeinuka nyuma, kwa sababu ilitengenezwa kubeba mzigo. Mkiichora imelala sawa kama saluni, mwenye kuijua anacheka. Saluni yenyewe nyuma ni tofauti kabisa: kila gurudumu linajitegemea. Wagon ina ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi nne. Hivyo hata zikiegeshwa kwenye bonde la barabara, magurudumu hayalali sawa.

Nafasi kati ya mlango na bodi nayo mnaichora nyembamba na sawa, kama gari limetoka kiwandani jana. Gari la miaka hamsini lililopita mikononi mwangu na kwa mafundi wengine watano halina nafasi sawa. Mlango wa dereva umeshuka kwa sababu ndio umefunguliwa sana. Taa moja ina kioo chake cha zamani chenye mistari, nyingine ni ya kununua juzi. Fenda ina weupe tofauti na mlango. Hayo msiyafute, ndiyo kazi yetu.

Mwenye uzi, hapo ulipotaja futi nimecheka. Ukilitazama gari jioni kwa pembeni, hata mimi naona aibu.

Mchoraji wa Lanet:

Fundi, hii ya wagon kuinuka nyuma nilikuwa naiona ila sikuwahi kuifikiria sababu yake. Ahsante sana. Na ule mstari wa kivuli kati ya mlango na bodi, nimejifunza usiwe na unene mmoja. Unakuwa mpana na mweusi pale mlango uliposhuka, kisha unakaribia kutoweka upande wa pili.

Kijana wa Section 58:

Naomba kuuliza wakubwa. Kwa nini nisitumie rangi yenyewe ya gari? Kuna jamaa ananiuzia mabaki ya rangi ya 2K, ile ya kuchanganya na hadina, na kliya, ile ya juu isiyo na rangi. Si ndiyo itang'aa kabisa?

Fundi wa Kibuye:

Kijana usijaribu ndani ya nyumba. Hadina ya hiyo rangi, yaani dawa ya kuigandisha, ina kemikali ya isosayaneti, na ukiipuliza bila barakoa ya maana inaharibu mapafu. Nimeona mafundi wakishindwa kupumua. Hiyo iache gereji.

Mchoraji wa Lanet:

Fundi amemaliza upande wa afya. Upande wa mchoro nao haisaidii. Kliya itang'aa kweli, lakini itaonyesha balbu ya sebuleni kwako na sura yako ukiangalia. Mng'ao wa gari ndani ya mchoro unatakiwa kubaki palepale hata mtazamaji akisogea kushoto. Unatokana na giza lililokaa jirani na mwangaza. Chukua nyeupe ya kawaida kabisa, isiyong'aa, iweke katikati ya giza, utaona itakavyowaka.

Kijana wa Section 58:

Sawa mkubwa. Na je, Toyota DX ni gari la zamani au bado? Ya babu iko kijijini.

Mchoraji wa Lanet:

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, linahesabu gari lenye angalau miaka 30. Hiyo DX ni Corolla, na Corolla ya umbo lile ilianza 1979. Fanya hesabu. Ukienda kwa babu, angalia namba pia. Kama ilisajiliwa kabla ya mfululizo wenye herufi ya mwisho, ina herufi tatu na tarakimu tu, na hiyo peke yake inautaja wakati wake. Ila kwenye mchoro badilisha tarakimu, usianike namba ya gari la mtu mtandaoni.

Dada wa Kakamega:

Natumia penseli za rangi, sina nafasi ya rangi za majimaji kwa sababu ya watoto. Nina maswali mawili. Nachora Land Rover ya kijani iliyochakaa, na kila nikifika kwenye giza karatasi inagoma kupokea rangi zaidi, halafu baada ya siku kadhaa naona ukungu mweupe juu yake. Na taa: nifanye nini zipate ule mwanga mkali?

Mchoraji wa Lanet:

Dada, karibu sana. Ukungu huo ni nta. Penseli nyingi za rangi zimefungwa kwa nta, na ukizikandamiza sana kwenye giza, nta hupanda juu. Futa taratibu kwa kitambaa laini, kisha upulizie fiksativu, dawa ya kushikilia rangi, tabaka jembamba, nje ya nyumba. Karatasi kugoma ni kwa sababu meno yake, ule ukwaruzo unaoshika rangi, yamejaa. Anza na mkono mwepesi, tabaka nyingi, na giza lijenge kwa kupishanisha kijani, kahawia na buluu badala ya kukandamiza nyeusi mara moja.

Kuhusu taa, kwenye penseli mwangaza ni karatasi yenyewe. Uamue mapema utakaa wapi, uuchore mpaka wake, na usiuguse tena. Ukishafunika karatasi, penseli nyeupe haitakurudishia weupe ule. Taa za Land Rover za zamani zina kioo chenye mifereji ya wima, na kila mfereji una mwanga wake na giza lake. Usiichore yote. Chora michache iliyo karibu na mwangaza mkali, mingine idokeze, jicho litamalizia.

Dada wa Kakamega:

Nimeelewa. Na vumbi letu jekundu juu ya kijani, nalichoraje bila kupata tope la rangi?

Mchoraji wa Lanet:

Nyekundu na kijani zikikutana moja kwa moja zinauana, ni kweli. Pale penye vumbi zito, usiweke kijani kabisa chini yake. Acha karatasi, weka okra na siena. Kijani kianze vumbi linapoishia. Pale kati weka kijivu cha joto, chembamba, ndicho kiunganishi. Land Rover ikitoka Kakamega kuelekea Shinyalu kiangazi, nusu yake ya chini hata huwezi kusema ilikuwa rangi gani.

Mwalimu Mstaafu, Kericho:

Swali kwa mwenye uzi. Mtu akitaka kuchora gari la Safari ya 1965 hawezi kusimama mbele yake. Atafanyaje, maana kanuni yako inambana?

Mchoraji wa Lanet:

Hapo umenishika vizuri, Mwalimu. Mimi ningetumia picha za zamani kwa umbo tu, nyingi iwezekanavyo, za pembe tofauti, nikajenga pembe yangu mwenyewe. Kunakili picha moja ya mpigapicha na kuiuza ni kumwibia, sheria ya hakimiliki inaweza kumlinda hata kama gari si lake. Kisha mwanga na tope ningevichukua nje, kwa gari lolote lenye mabega ya mviringo kama Volvo ile. Beetle itafaa. Iegeshe kwenye barabara ya murram baada ya mvua, uone tope linavyorushwa kutoka gurudumu la mbele hadi mlangoni. Tope halijabadilika tangu 1965.

Fundi wa Kibuye:

Mkitaka tope njooni Kisumu mvua za alasiri zikianza. Halafu kuna kitu: nina pikapu ya 404 hapa nyuma ya gereji, ya mzee mmoja wa Ahero. Imekaa muda mrefu, ina nyasi ndani ya kerieri. Sasa watoto wake wamepata pesa, wanataka niinyooshe na kuipiga rangi upya mwezi ujao. Nimezungumza na mzee, anasema mchoraji akitaka kuja aje, mradi apewe nakala moja aiweke ukutani.

Mchoraji wa Lanet:

Fundi usiguse msasa! Nakuja Jumamosi na matatu ya kwanza. Mwambie mzee nakala yake ipo. Niambie tu, grili na taa za mbele ni zake za awali? Na asubuhi hapo nyuma jua linaingia, au kuna ukuta?

Fundi wa Kibuye:

Grili ni yake. Taa ya kushoto ni ya kwake, ya kulia ni ya trekta. Ukuta upo lakini mfupi, kufika saa mbili jua limeshaupita.

Dada wa Kakamega:

Taa ya trekta usiibadilishe jamani! Fundi, kutoka stendi hadi hapo kwako ni mbali? Nami nakuja, ila nitakuwa na mtoto mmoja.